Tangazo la Pili la Tarehe Moja Aprili

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya matangazo,

Mlicheka mliposikia najiita mstaafu. Nina miaka thelathini na tatu, sina pensheni, na mvi zangu ni mbili tu, zote nimezihesabu kwenye kioo. Lakini kazi hii nimeifanya miaka kumi na mmoja, Mikumi, Kilosa mjini na Kidete, nikiwa nyuma ya bodaboda na honi ya spika begani, na nimeiacha kabisa. Mtu aliyeacha kazi kabisa anaitwa nani kama si mstaafu?

Mmeniomba niwaandikie ninayoyajua. Hii ni mara ya nne naandika. Karatasi ya kwanza niliichana kwa sababu ilikuwa na maneno mazuri mno, na mtaona baadaye kwa nini nayaogopa maneno mazuri.

Nianze na lile linalonisumbua, maana nikilichelewesha nitazungukazunguka mpaka niliache. Siku moja, tarehe moja Aprili, mto Mkondoa ulikuwa unakuja, na bondeni pale Kidete kulikuwa na watu kama thelathini wanapalilia mahindi. Kazi ya kuwatoa ilikuwa yangu. Hakuna hata mmoja aliyeniamini, kwa sababu asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimewadanganya, kwa spika hiyohiyo, na kwa ustadi mkubwa.

Sasa ngoja niwape kidogo mambo ya kazi, nivute pumzi.

Sikufundishwa darasani. Nilijifunza kwa kukaa mlangoni kwa Fundi Lukasi, mtengeneza redio wa Mikumi, ambaye alikuwa na amplifaya moja kuukuu na hasira nyingi. Mara ya kwanza aliponipa maiki, nilikuwa nimeandika tangazo la chanjo ya kuku ukurasa mzima, nikalisoma lote bila kukosea hata neno. Akaniangalia kama mtu aliyeng'atwa.

"Unasoma kama barua ya kukataliwa kazi," alisema. "Kuku atakufa hujafika mwisho."

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mahali hutangulia. Ukianza na "Ndugu wananchi mnatangaziwa kwamba", mama anayekatakata mchicha ameshaacha kusikiliza. Anza na jina la kitongoji chake, atainua kichwa. Kisha sema afanye nini. Sababu iwe ya mwisho, na iwe fupi. Pale Mikumi barabara kuu haina huruma, kwa hiyo ukisikia lori linabadilisha gia, nyamaza, lipite, ndipo uendelee. Milimani sema maneno matatu, usubiri mlima uyarudishe, useme mengine matatu. Usielekeze honi kwenye upepo. Betri ikae kwenye ndoo ya plastiki, siyo mapajani. Nina kovu la kuthibitisha hilo. Na tangazo la msiba halitolewi chombo kikitembea. Simama, zima injini, shuka, ndipo useme jina la marehemu. Nililikosea hili mara moja tu, na mtoto wa marehemu alinifuata mbio karibu nusu kilomita. Hakuwa na nia ya kunipiga. Alitaka kuniuliza kama ni kweli baba yake ndiye niliyepita naye kasi namna ile.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Kila tangazo nililiandika, nikalirudia mbele ya ukuta, nikalirekodi kwenye simu, nikalisikiliza, nikaliandika upya. Watu walisifia: Dama hakosei. Sikukosea kwa sababu sikulala. Lakini nilikuwa nasikia pia wanavyosema pembeni, kwamba Dama ni mzuri ila hana utani. Hilo liliniuma kuliko mnavyodhani. Ndiyo maana tarehe moja Aprili ikawa siku yangu.

Nimejaribu kuchunguza Siku ya Wajinga ilitoka wapi, kwa sababu siwezi kufanya kitu bila kukichunguza. Wengine wanaandika kwamba zamani huko Ulaya mwaka mpya ulihamishwa, na waliochelewa kupata habari wakawa wanasherehekea siku isiyo yake na kuchekwa. Wengine wanasema ni sherehe za zamani zaidi za kuaga baridi. Hata wanaoandika hawakubaliani. Kwetu ilikuja kwa njia ya shule na magazeti. Shuleni mtu alikuambia mwalimu mkuu anakuita, ukaenda mbio, ukamkuta mwalimu mkuu anakunywa chai na hakujui. Magazeti nayo yalikuwa yanaweka habari ya uongo ukurasa wa mbele, kesho yake yanakiri. Nilisoma pia kwamba mahali fulani mwisho wa kudanganya ni saa sita mchana, na anayeendelea baada ya hapo mjinga ni yeye. Nikaishika kanuni hiyo kama sheria. Sikujiuliza kama Kidete kuna mtu mwingine anayeijua.

Maana sisi tuna kitu chetu cha zamani kuliko tarehe moja Aprili, na hicho hakina siku wala saa. Ni utani wa makabila. Wazee wetu Wasagara wanasimulia kwamba watu wa kutoka magharibi, Wanyamwezi na Wasukuma, walikuwa wakipita huku na misafara yao kwenda pwani. Wakagombana na sisi, wakapatana, na mapatano yakawa haya: tutatukanana bila kukasirikiana, na kwenye msiba tutasaidiana. Mpaka leo mtani anaweza kuingia kwako, akachukua kuku, akakuambia unanuka moshi, nawe ukacheka.

Mtani wangu alikuwa Mama Minza. Msukuma, mwanamke wa umri wa mama yangu, walihamia Kidete na mumewe na ng'ombe miaka mingi nyuma. Mumewe alifariki, wanawe wakaenda na ng'ombe upande wa Kisanga, yeye akabaki na shamba la bondeni na goti bovu. Siku ya kwanza nilipofika kutangaza mkutano pale Kidete, nilimwinamia kama nilivyolelewa.

"Shikamoo mama."

"Kabila gani wewe?"

"Msagara."

"Msagara ananipa shikamoo! Iondoe hiyo, haraka. Mtumwa wangu hawezi kunisalimia kama mkwe. Nitukane."

Nilikuwa sijaandika kitu. Nikasema, "Unanuka ng'ombe."

"Hafifu," akasema. "Lakini utajifunza. Ninyi Wasagara mnazaliwa mguu mmoja mrefu kwa ajili ya kutembea mteremkoni. Mkifika tambarare mnaanguka. Haya, anguka nione."

Tukaendelea hivyo miaka sita. Hakuna siku nilimpa shikamoo tena, na hakuna siku aliamini neno langu hata moja. Nikitangaza mkutano, anauliza wa wanyama gani. Nikitangaza chandarua, anasema ni nyavu za kunikamatia mimi. Watu wa bondeni walimwangalia yeye kwanza, akicheka, wanacheka.

Turudi siku yenyewe.

Asubuhi, saa mbili, tulipanda kwenye tuta la reli mimi na Chande, bodaboda wangu. Tuta hilo limekaa kati. Upande mmoja kijiji kimepanda mlimani, upande wa pili bonde linashuka mpaka mtoni. Ukisimama pale na honi, watu wote wa mashambani wanakusikia. Tangazo langu nilikuwa nimelifanyia kazi siku tatu: "Bondeni. Bondeni. Pandeni wote ofisi ya kijiji sasa hivi. Mbolea ya bure inagawiwa, majina yanafungwa saa tatu." Sauti nilitoa ileile ya chanjo na ya mikutano. Sikucheka, sikutetereka.

Mngeona walivyotoka. Wengine walikimbia na majembe. Mama Minza alipanda mlima wote ule na goti lake, akisimama kila baada ya hatua kumi, akaikuta ofisi imefungwa, na mimi nimekaa kwenye ngazi na kikaratasi kilichoandikwa *Siku ya Wajinga*. Kijiji kizima kilicheka. Hata waliodanganywa walicheka, wakanirushia mabua. Mama Minza alikaa chini, akalikandakanda goti, akasema, "Msagara, leo umenipata. Sitashuka wala kupanda tena kwa neno lako mpaka nife."

Nilifurahi. Naomba mlisome hilo jinsi lilivyo. Nilifurahi kupita kiasi. Watu walisema, kumbe Dama ana utani.

Saa nane kasoro mchana mwenyekiti wa kijiji, Mzee Yohana, alinikuta kwenye kibanda cha chai. Alikuwa anahema.

"Shemeji yangu amepiga kutoka Gulwe. Huko juu mvua imenyesha usiku kucha, korongo limejaa ukingo kwa ukingo, linakuja. Watoe watu bondeni. Mimi nakimbilia kitongoji cha chini."

Nikacheka. Jua lilikuwa linawaka, anga ya Kidete haina hata wingu la ukubwa wa kanga. Nikamwambia, "Mzee, imepita saa sita."

"Saa sita ya nini?" Akanishika mkono, naye si mtu wa kushika watu. "Damari, nimepiga mara mbili kuhakikisha. Tuna saa moja na nusu, labda pungufu."

Akaenda. Na hapa ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo.

Nilikaa kuandika.

Nilitoa daftari nikaandika tangazo. Nikalifuta. Nikaona neno "mafuriko" litawatisha wakanyagane, nikaweka "maji mengi". Nikaona "maji mengi" ni hafifu, nikarudisha "mafuriko". Nikalisoma kwa sauti ya chini. Chande alikuwa amewasha pikipiki, ananiangalia, anazima, anawasha. Nilipoinuka niliangalia simu: dakika kumi na mbili zilikuwa zimekwenda. Mto hauna daftari, wadogo zangu. Dakika kumi na mbili.

Tulipanda tuta. Nikafungua maiki. "Bondeni. Bondeni. Pandeni wote kwenye tuta la reli sasa hivi. Mafuriko yanakuja kutoka Gulwe."

Lilikuwa tangazo safi. Mahali kwanza, tendo, sababu fupi. Na lilifanana na la asubuhi kama pacha.

Kicheko kikaanzia upande wa mtoni kikaja kinatupanda.

"Dama! Safari hii mnagawa nini, samaki?"

"Mwambie mwenyekiti aje na mtumbwi!"

"Jamani, si Siku ya Wajinga tena!" nikapaza. "Imepita saa sita! Mwisho ni saa sita!"

"Nani kakuambia?" kijana mmoja akajibu, ameegemea jembe. "Kwa saa yangu leo inaisha kesho!"

Waliokuwa na simu walipigiwa na watu wa kijijini, wakawacheka na hao pia. Nikarudia tangazo. Nikaongeza sauti mpaka amplifaya ikaanza kulia. Chande akaninong'oneza, "Dada, sema kama mtu. Unasema kama spika." Lakini sikujua kusema kwa namna nyingine. Sauti ile nilikuwa nimeijenga miaka kumi na mmoja isitetereke, na sasa nilipoitaka itetereke, iligoma.

Kisha machozi yakaja, na hayo pia nikayatangaza, maana maiki ilikuwa wazi. Bonde zima likasikia nalia. Wakapiga makofi.

"Ee, leo mpaka machozi! Huyu apelekwe kwenye maigizo!"

Kicheko cha juu kuliko vyote kilikuwa cha Mama Minza. Nilimwona, amekaa juu ya kichuguu katikati ya shamba lake, kitambaa chekundu kichwani, mguu mbovu ameunyoosha. Anajifuta machozi kwa kucheka.

Nikaweka maiki chini. Nilishuka tuta nikakimbia kati ya mahindi, honi bado iko begani inanigonga mgongoni, watu wanaimba jina langu nikipita. Nilihesabu kichwani dakika zilizobaki na kila nilivyohesabu nikapata jibu tofauti. Kama ningejikwaa, ningebaki pale.

Mama Minza aliniona nakuja. "Karibu, mguu mrefu! Umekuja kunibeba? Nilikuambia sishuki wala sipandi."

Nilikuwa sijaandaa kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilikuwa mbele ya mtu bila karatasi hata ya kichwani. Nilipiga magoti kwenye tope, nikainamisha kichwa, na neno lililotoka lilikuwa moja.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Alinitazama. Miaka sita hakuwahi kunitazama hivyo. Alinitazama kama mtoto wa mtu. Kisha akaangalia mto, kisha akaniangalia tena magoti yangu.

"Ni kweli," alisema. Hakuwa anauliza.

Akainuka kwa kushika bega langu, akapiga ukelele wa Kisukuma, ule wa kuitia ng'ombe, mrefu, unaotoka tumboni. Bonde likanyamaza. Akasema kwa Kiswahili, "Tokeni. Acheni majembe. Tokeni."

"Mama Minza, amekupata tena?" yule kijana wa saa akauliza.

"Huyu amenipa shikamoo," akamjibu. "Wewe baki uchekelee."

Sijui niwaelezeeje. Spika yangu ya kilomita mbili haikuwatoa, lakini neno hilo lilitembea kutoka shamba hadi shamba kwa midomo: Dama amempa Mama Minza shikamoo. Nikawaona wanaacha majembe. Wanawake waliokuwa na watoto wakatangulia. Kijana wa saa alikimbia kuliko wote.

Tulibaki nyuma, mimi na yeye. Goti lake lilikuwa limevimba kwa ule mlima wa asubuhi, mlima wangu. Alikwenda hatua tano akasimama. Nikavua honi nikaitupa kwenye mahindi, nikampa mgongo. Hakutaka. "Niache, nenda." Nikamwambia hapana. Chande akaja mbio, ameacha amplifaya na betri chini ya tuta upande wa bonde, tukamshika huku na huku.

Tulipokaribia tuta nilisikia treni ya mizigo. Nikaogopa kwamba watu wamesimama kwenye reli. Nikainua macho: reli zote mbili tupu, watu wote wamegeukia nyuma yetu, mikono kichwani. Haikuwa treni.

Tulivutwa juu kwa nguo. Nilipogeuka, maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yameshafika kwenye kichuguu cha Mama Minza, yamebeba miti mizima, jua linawaka juu yake kama siku yoyote. Kichuguu kikakatika kidogokidogo. Ndoo yangu ya betri ilielea, ikazunguka mara mbili kama inatafuta njia, ikaenda.

Mama Minza alihesabu watu kwa kidole, kwa Kisukuma. Akarudia. Wote walikuwepo. Shamba lake halikuwepo. Mtu akasema, "Dama ametuokoa," wengine wakaitikia, na mimi nikaenda nyuma ya tuta nikatapika. Walidhani ni hofu. Zilikuwa zile dakika kumi na mbili.

Watu wanasema niliacha kazi kwa sababu vyombo vilichukuliwa na maji. Vyombo vinatafutwa. Niliacha kwa sababu kila nikishika maiki nasikia sauti yangu ilivyo nzuri.

Kwa hiyo ninyi mtakaoendelea, nisikilizeni. Utani fanyeni, msiwe kama mimi niliyeusubiri siku moja kwa mwaka. Ila sauti ya utani isiwe sauti ya kazi. Mtu akusikie tangu neno la kwanza ajue leo unacheza, na siku usipocheza ajue pia. Na mkiletewa habari ya maji, msiandike. Semeni ilivyo, hata ikitoka vibaya.

Nilikaa mwaka mzima sijafika Kidete. Mwezi uliopita nilikwenda. Nilimkuta Mama Minza mlangoni kwake, sasa anakaa upande wa mlimani, anapepeta mchele. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, kurasa mbili, kuhusu mlima wa asubuhi na zile dakika. Nilipofika yote yakanitoka. Nikainama.

"Shikamoo, mama."

Ungo ukasimama mikononi mwake. Akageuza kichwa haraka kuelekea bondeni, akasikiliza.

"Mto?" aliuliza.

"Hapana, mama. Mto umetulia. Nimekuja tu kukusalimia."

Alishusha pumzi, akanitupia punje za mchele usoni. "Basi usinipe hiyo tena bure. Mara ya mwisho kunipa ilinitoa shambani. Nitukane, mtumwa wangu. Nitukane nijue tuko salama."

Sauti yangu ilitetemeka, na sikuizuia.

"Unanuka ng'ombe," nikasema.

"Hafifu," akasema, akaanza tena kupepeta.